Tseikuru kwa Mabawa ya Kuazima

Watu wengi wa Pwani huijua Ukambani kwa dirisha la basi. Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi unapita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali. Unateremka kuswali na kunyoosha miguu, unanunua maembe au machungwa kwa wachuuzi wa kando ya njia, na jioni unaingia Nairobi ukidhani umeiona nchi yote ya Wakamba. Kumbe ulichokiona ni ukanda mmoja tu, tena wa Makueni. Tseikuru haiko huko. Iko kaskazini kabisa ya Kaunti ya Kitui, ng'ambo ya Mwingi na Kyuso, mahali ambapo ardhi inateremka kidogo kidogo kuelekea mto Tana na miti inabaki migunga na mibuyu. Hakuna basi la Mombasa linalopita huko kwa bahati. Aendaye Tseikuru ana lake linalompeleka.

Nyumbani kwetu huenda huko takriban kila Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, na hurudi kabla ya Magharibi. Twenda kwa ndege, na ndege yenyewe imo ndani ya kompyuta.

Programu hizi za kuigia urushaji wa ndege si jambo jipya. Ile ya kampuni ya Microsoft ilianza kuuzwa mwaka 1982, wakati ambapo dunia nzima kwenye kioo ilikuwa mistari michache ya rangi. Toleo lake la mwaka 2020 liliwashangaza watu kwa kuwa linatumia picha halisi za setilaiti, hata mtu akaweza kutafuta paa la nyumba yake. Lakini linataka kompyuta yenye nguvu na bando la intaneti lisilokwisha, na kwa familia ya kawaida hayo ni mambo mazito. Zipo njia nyepesi. Programu ya FlightGear ni ya bure, na waweza kuipakua mara moja ukairusha ndege bila intaneti. Google Earth Pro ya kwenye kompyuta nayo ni ya bure, na ndani ya orodha ya zana zake umefichwa mchezo wa kurusha ndege ambao wengi hawajui kama upo. Humo utapewa ndege mbili: ya kivita, ambayo wanangu waliikimbilia siku ya kwanza na kuiangusha mara tisa, na ndogo ya panga boi, ambayo ndiyo ya mtu mwenye subira. Mimi nasema chukueni ya pili. Nchi ya Kitui haitazamwi kwa haraka.

Neno moja kwa akina mama wenzangu kabla hatujapaa. Mwanangu mdogo huwa hasogezi usukani mpaka asome dua ya safari, na sijamkataza. Dua haimdhuru mtoto. Ila kakake mkubwa alipouliza, kwa uso mkavu kabisa, kama Alasiri yaweza kukatwa rakaa mbili kwa kuwa tumevuka kilomita mia nne, nilimwambia makalio yake hayajaondoka kwenye zulia la sebuleni, na rakaa ni nne zile zile.

Safari yetu ya kwanza, na fupi kuliko zote, ni ya kutoka juu ya mji wa Tseikuru kuelekea kaskazini hadi mtoni. Huchukua kama robo saa. Chini yako kuna mji mdogo wa mabati yanayong'aa, njia nyekundu zinazotawanyika kama mishipa ya mkono, kisha mashamba ya mtama na pojo yaliyozungushiwa miiba, kisha mashamba yanapungua na kichaka kinatawala. Mara unaona mstari wa kijani kibichi uliokolea umelala mbele yako kutoka magharibi kwenda mashariki. Huo ndio Tana. Hapa mto umefika karibu kabisa na ikweta, na upande wa pili ni Mbuga ya Taifa ya Meru; upande wetu ni Hifadhi ya Mwingi, ambayo zamani ikiitwa Hifadhi ya Kitui Kaskazini. Kushoto, yaani juu ya mto, ni nchi ya Watharaka.

Ukigeuza pua ya ndege kuelekea mashariki ukaufuata mto, unaingia Kora. Nchi inabadilika. Majabali makubwa ya mviringo yanajitokeza peke yake katikati ya kichaka kama migongo ya tembo waliolala, na kivuli chake wakati wa jioni hurefuka hata kikaonekana kizito kuliko jabali lenyewe. Hapa ndipo alipoishi Mwingereza George Adamson, aliyekuwa askari wa wanyamapori, kisha akatumia uzee wake kuwafundisha simba waliofugwa kurudi porini. Siku ya 20 Agosti 1989 majambazi walimvamia mgeni wake aliyekuwa njiani kuwapokea wageni wengine kwenye kiwanja cha ndege. Mzee akakimbilia na gari lake kumwokoa, akapigwa risasi akafa, na wasaidizi wake wawili wakafa pamoja naye. Mwaka uliofuata Kora ikatangazwa kuwa mbuga ya taifa. Majina ya wale wasaidizi hayatajwi sana katika simulizi, nami kila tukipita pale huwakumbusha wanangu kwamba walioitoa roho siku ile ni watatu.

Kora ni mahali pa kimya, na kwenye kioo kimya chake ni kikubwa zaidi, kwa sababu programu hizi hazina watu. Hakuna moshi wa jikoni, hakuna mbuzi njiani wala mwanamke mwenye mtungi mgongoni. Pale ambapo toleo kubwa la Microsoft halina habari za kutosha, hubuni majengo lenyewe, na siku moja kwa jamaa mwenye mashine nzuri niliona kibanda cha dukani kimegeuzwa nyumba ya kigeni yenye paa la vigae. Nilicheka, lakini pia nilisikitika kidogo. Mashine inajua umbo la kila kilima cha Kitui na haijui nani anakaa chini yake.

Safari ya pili ni ya alfajiri. Kompyuta hukupa saa uitakayo, basi weka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, paa kutoka Tseikuru, elekea magharibi. Vilima vya Mumoni vitakujia upande wa kushoto, vya bluu, na msitu umevikwa kichwani kama kilemba. Panda mpaka futi elfu nane, ukivuka kwa umbali mzuri ili upepo wa kubuni usikutikise. Kisha tazama mbele. Kilomita mia moja hivi kutoka Tseikuru umesimama Mlima Kenya, mita 5,199, na jua la nyuma yako ndilo linaloupiga usoni.

Kuna kisa hapa kinachotuhusu sisi wa Pwani. Misafara ya Wakamba ndiyo iliyoleta pembe nyingi Mombasa katika karne ya 19, na mmoja wa wakuu wa misafara hiyo alikuwa Kivui Mwenda wa Kitui. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa na makao yake Rabai, alisafiri kwenda kwake, na tarehe 3 Disemba 1849, akiwa Kitui, aliuona ule mlima wenye theluji kwa mbali. Alikuwa ameambiwa habari zake na Kivui mwenyewe, na jina alilolichukua kwa Wakamba, Kiinyaa, ndilo lililokuja kuwa jina la nchi nzima. Kwa hiyo Mkenya yeyote anapotaja nchi yake anatamka neno lililopita katika ulimi wa Kikamba. Wazungu wa wakati ule hawakuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Krapf aliitwa muongo kwa miaka. Mwaka 1851 alirudi, akafuatana na Kivui kuelekea Tana, wakavamiwa na wanyang'anyi. Kivui aliuawa. Krapf alitangatanga nyikani kwa kiu, na alipofika mtoni hakuwa na chombo, akatia maji ndani ya mitutu ya bunduki yake. Nchi ile tunayoivuka kwa dakika ishirini, huku mkono mmoja umeshika kikombe cha chai ya tangawizi, ndiyo iliyokaribia kumuua.

Kwa uzuri mtupu, hii ndiyo safari ninayoipenda kuliko zote. Lakini nyumbani kwangu haikushinda, kwa sababu ya mtu mmoja.

Mavyaa wangu, ambaye watoto humwita Susu kwa desturi ya kwao, alizaliwa upande wa Tseikuru. Alikuja Mombasa akiwa msichana, akasilimu, akaolewa, akazaa na kuzika mume huku huku. Sasa magoti hayamruhusu kukaa garini kutwa nzima, na safari ya Tseikuru kwa gari ni zaidi ya kutwa. Siku tulipomkalisha mbele ya kioo hakuonyesha kushangaa. Alitazama kama mtu anayekagua kazi ya fundi. Tulipopita juu ya mto mmoja mkavu, mchanga mtupu mweupe, mjukuu wake akasema, "Susu, huu mto umekufa." Akajibu, "Haujafa. Maji yamelala. Hapo ndipo tulipokuwa tukifukua na mama."

Naomba nisimame kidogo hapo, kwa kuwa jambo lile mtoto asingelijua kwa kutazama tu. Mito mingi ya Kitui hutiririka kwa siku chache za mvua kisha ikakauka, lakini chini ya mchanga maji hubaki kwa miezi. Wanawake hufukua mashimo mtoni, wakangoja maji yajae polepole, wakateka kwa kibuyu. Katika kufukua huko ndiko kulikojengwa maarifa ya mabwawa ya mchanga. Hujengwa ukuta mfupi wa mawe na saruji kukatiza mto mkavu. Mafuriko yakija huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga maji hukaa yakiwa yamekingwa na jua na mbu. Shirika la SASOL la Kitui, pamoja na wanavijiji wenyewe, limejenga mamia ya mabwawa ya namna hii tangu miaka ya 1990. Kazi hufanywa kwa mwethya, ule ushirika wa Kikamba ambapo kila nyumba hutoa mkono, na mikono mingi ni ya wanawake. Ukiruka chini chini, futi mia tano tu juu ya ardhi, waweza kuyatambua: kamstari kafupi kanakokatiza mto, na juu yake mchanga uliotanuka kuliko kawaida. Wanangu sasa huyahesabu kama watoto wengine wanavyohesabu magari.

Basi siku ile Susu aliuliza, "Na kwa dada yangu mtafika?" Tukamtafutia. Ilichukua nusu saa, maana alituelekeza kwa mbuyu, kwa njia ya ng'ombe na kwa mahali palipokuwa na duka la mtu aliyekwisha kufa, na hakuna hata kimoja cha hivyo kilichoandikwa kwenye ramani. Mwishowe akaweka kidole juu ya mabati mawili yaliyokaribiana. Alinyamaza. Kisha akaomba simu, akampigia dada yake, akamwambia kwa furaha kwamba ameiona nyumba yake kutoka juu, na kwamba paa la jikoni limeingia kutu. Simu ilikuwa imefunguliwa sauti, na sote tulisikia jibu, kwa Kikamba, ambalo mume wangu alitufasiria baadaye: "Umepita juu ya kichwa changu na hukuniamkia?"

Walicheka wote wawili, vicheko vya wazee. Lakini usiku Susu hakula sana. Dada yule ni Mkristo, na miaka imekuwa mingi, na kuna shamba la marehemu baba yao ambalo wapwa wanaligawa bila yeye kuwapo. Kuunga udugu hakuna mpaka wa dini wala wa kaunti, jambo hilo alilijua kabla yetu. Tangu siku hiyo mume wangu anaweka akiba ya nauli ya gari la kukodi, la kwenda kwa vituo, na kulala Kibwezi na Kitui, inshaAllah wakati wa likizo ya Agosti. Kompyuta imesaidia katika jambo moja: tunajua sasa kwamba njia ya mwisho ya kuingia kwa dada yake inakatiza mto wa mchanga mara mbili, na kwa hiyo tusiende katika mvua.

Safari ya tatu si fupi, bali nimeikata vipande ili iwe fupi. Ni kuufuata Tana kutoka Tseikuru mpaka baharini.

Tazama ramani ya Kitui, utaona jambo ambalo mimi sikuliona mpaka nilipopanda ndege isiyokuwapo. Kaunti ile ina Tana upande wa kaskazini na Athi upande wa magharibi. Mto Athi huteremka kando ya tambarare ndefu ya Yatta, huwa Galana, huwa Sabaki, na kumwaga tope lake jekundu kaskazini ya Malindi. Tana hufika Kipini. Kwa maneno mengine, mvua ikinyesha Kitui, maji yake yanakuja kwetu, likipenda jua lisipende.

Kipande cha kwanza kinaishia Garissa, mto ukiwa umepinda kuelekea kusini na kichaka kimekuwa kikavu kabisa pande zote mbili. Sitakificha, kinachosha. Kipande cha pili kinapita Bura, ambapo mradi wa umwagiliaji unaonekana kama msala wa miraba uliotandikwa jangwani, kisha Hola, ambako tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa vita vya ukombozi walipigwa hadi kufa katika kambi ya wakoloni. Kusini ya Hola misitu ya kando ya mto inaanza, myembamba, inayojipinda na kila kona ya maji. Humo wamo mbega wekundu wa Tana na aina moja ya nyani wadogo ambao hawapatikani kwingine popote duniani, na hifadhi yao iliundwa mwaka 1976.

Kipande cha tatu, kutoka Garsen hadi Kipini, hicho ni cha wageni. Ukialika watu wako nyumbani waonyeshe hiki. Mto unagawanyika, unazunguka, unaacha maziwa yenye umbo la mwezi mchanga, mashamba ya mpunga ya Wapokomo na malisho ya Waorma yamekaa bega kwa bega, mikoko inatokea, na mwisho maji ya kahawia yanaingia katika bahari ya samawati bila kuchanganyika kwa muda. Mlango huu wa Kipini wenyewe una mkono wa mwanadamu: katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji wa Belazoni kuuunganisha Tana na mto Ozi, na baadaye maji yenyewe yakaupanua. Karibu na hapo, ufukweni, yapo magofu ya Ungwana na misikiti yake. Bonde lote hili la mlangoni lilitambuliwa mwaka 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Ghuba ya Ungwana ndiyo mahali pakuu pa kuvulia kamba katika Kenya, na kamba hao hukulia katika maji yanayorutubishwa na tope la mto. Hapa mume wangu hakuweza kujizuia kusema kwamba basi ni Ukambani ndiko kunakowalisha kamba, na mama yake akamwambia anyamaze, ingawa nilimwona akitabasamu.

Mzaha huo una uzito wake. Juu ya Tana tayari yamo mabwawa matano ya umeme: Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga, na Kiambere la mwaka 1988. Kwa miaka mingi sasa serikali imekuwa na mpango wa bwawa jingine kubwa zaidi, High Grand Falls, mahali ambapo Kitui inapakana na Tharaka Nithi, si mbali na Tseikuru. Likijengwa, litaleta umeme na maji ya kumwagilia, na watu wa Kitui Kaskazini wana haki ya kuyatamani yote mawili. Susu mwenyewe hutuambia tusizungumzie uzuri wa kiu ambayo hatukuilala. Lakini ardhi za familia upande wa juu zitafunikwa, na upande wa chini mafuriko yanayosubiriwa na wakulima wa mpunga wa Garsen na Kipini yatakuwa mikononi mwa afungaye na kufungua lango. Mtu wa Kipini na mtu wa Tseikuru hawajawahi kuketi meza moja, na huenda wakagawiwa maji ya mto mmoja na mtu wa tatu. Ndiyo maana napenda watoto wa Pwani wairuke njia hii yote, hata kile kipande cha Garissa kinachochosha.

Baada ya Kipini kawaida tunapanda kaskazini mashariki kandokando ya pwani mpaka Lamu, kwa dakika chache tu, jua likiwa nyuma yetu. Kutua kule ni kuzuri lakini si kwepesi. Upepo wa ubavuni humshinda mwanangu mkubwa, na huwa namwachia dadake ambaye ana mkono mtulivu. Gurudumu likigusa ardhi watoto hupiga takbiri, kisha huuliza kila mara lini tutauona mji wenyewe, Mkomani na msikiti na punda. Huwajibu kwamba kiwanja kiko Manda, mji uko ng'ambo ya maji, na programu hii haina mashua.